Rungu la Asiyeliomba

Simaloi wa Ngaramtoni alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja tu, Loserian, na yeyote aliyemdhania unyonge aliachana na dhana hiyo alipokutana na ulimi wake.

Mwaka ule, Wajerumani wakiwa wameshajenga boma lao Arusha, rika la Loserian lilitafuta msemaji, mtu wa kushika rungu jeusi na kuongoza baraza lao. Sheria ilikuwa moja: anayeliomba halipati. Koikai, mmoja wa rika hilo, na tamaa yake, akaenda kuliomba kwa Wajerumani bomani, akarudi nalo kifua mbele, akaliinua barazani. Wenzake walikaa kimya mpaka ng'ombe wakarudi zizini, akaliweka chini mwenyewe.

Ndipo wazee, wakimtaka Loserian, wakaja kwa Simaloi. Desturi ilitaka mama aulizwe kwanza ila ya mwanawe, na ikionekana nzito, kijana anaachwa. Loserian alikuwa malishoni, hana habari.

Simaloi aliingiwa na hofu. Msemaji ndiye anayeitwa bomani mambo yakiharibika, na si wote walioitwa walirudi. Kuwadanganya wazee nako alikuogopa, asije akalaaniwa. Basi akatafuta ila ya kweli.

"Ni mzito kujibu," akasema. "Ukimuuliza neno, ananyamaza mpaka maziwa yagande. Atawaaibisha, baba zangu."

Mzee Lerionka alicheka akashika mbavu. "Mama Loserian, katika rika zima tumetafuta mtu wa kusikiliza kwanza. Hiyo ndiyo ila?"

Maji yakimwagika hayazoleki. Wenzake walimkamata Loserian malishoni, akafurukuta weee, wakamtia rungu mkononi.

Mwezi haukuisha, akaitwa bomani. Simaloi alifuata nyuma, akasimama na wanawake nje ya ukuta. Bwana wa boma alitaka vijana wa kuchimba barabara, kesho yake, katikati ya msimu wa kupanda. Loserian akanyamaza. Bwana akafoka, mkalimani akarudia swali. Kimya. Simaloi akafumba macho.

"Baraza langu halijasema," Loserian akajibu hatimaye, taratibu. "Likisema, nitakuletea neno lake."

Bwana yule alimtazama sana. Kisha akamwambia aende, alete jibu mvua zikipungua.

Loserian alipotoka langoni, mwanamke mmoja akauliza huyo kijana mzito wa kujibu ni wa nani.

"Wangu," akasema Simaloi, kwa sauti ya kusikika hadi ndani ya boma. "Yuko hivyo tangu utotoni."