Mashimo Manne kwa Daktari

Saa mbili asubuhi ilikuwa pete. Mama Pacha, mpishi wa nyumba ya jirani, aliniita ng'ambo ya ua nikiwa naanika nepi, akaninong'oneza kwamba Babu Nondo anatafuta pete iliyozikwa na mwanzilishi wa mji wetu. Kufika saa nne pete ilikuwa imekuwa kasha. Mchana, tulipokutana kwenye mapipa ya taka, kasha lilishageuka yai la dhahabu tupu, ukubwa ule ule wa yai la mbuni.

"Mashimo nimeyaona kwa macho yangu," alisema. "Manne! Kwenye nyasi za daktari. Shoga, mtu wa vyoo anachimba mashimo manne ya nini? Choo cha daktari kina mikia minne?"

"Labda alikosea."

"Babu Nondo akosee? Miaka thelathini na moja hajakosea, aje akosee juzi? Huyo kanusa kitu."

Hapo nilikubali, maana ni kweli. Babu Nondo hakuwa mtu wa kukosea.

Mume wangu anatunza bustani ya nyumba kubwa iliyo mwisho wa barabara, mimi napiga pasi humo humo, na pamoja na binti yetu wa miezi saba tunakaa vyumba viwili vya nyuma. Ni mji wa watu wenye nazo. Mbwa wana daktari wao na nyasi zina ratiba yao. Lakini ulianza kama shamba la mbuni. Zamani mabibi wa mbali walivaa kofia za manyoya, basi bwana mmoja, ambaye hapa hatumwiti kingine ila Bwana Mbuni, akafuga ndege mia tatu akatajirika. Kisha mabibi wakazichoka zile kofia, ghafla tu, akabaki na ndege mia tatu wanaokula na hawavaliwi. Akafungua mageti, akalikata shamba viwanja, akauza. Ndege wenyewe iliwachukua miaka kumi kuelewa kwamba wamefukuzwa. Mmoja alihamia nyuma ya posta, na mtu akikosa ufunguo wa sanduku lake la barua, karani alimwambia mbuni ameumeza, asubiri siku mbili tatu, kisha atoke nje akaangalie kinyesi.

Leo mbuni yuko kila mahali. Yuko kwenye mageti, yuko kwenye mapipa. Hata barua ya kukukanya kwamba mtoto wako anapiga kelele ina mbuni juu yake, anakutazama.

Kitu ambacho hawakichori getini ni kwamba mji mzima hauna bomba la maji taka. Kila nyumba ina shimo lake, limefunikwa zege, limefukiwa, limesahauliwa. Mwenye nyumba anauza. Anayemfuata anapanda ukoka juu ya mfuniko, wa tatu anatandika vitofali, wa nne anasimamisha sanamu. Michoro ilibaki na wajenzi, na wajenzi walishakufa. Halafu asubuhi moja choo kinaanza kunguruma kama tumbo la mtu aliyekula harusini, na wote, awe hakimu au mkurugenzi, wanamtafuta mtu mmoja.

Anakuja na ovaroli ya bluu iliyonyooshwa pasi hadi ina mistari miguuni. Nasema kama mtu wa pasi: mistari ile ni ya kweli. Nondo yake inamfikia kidevuni, ameifunga kitambaa kama mwavuli wa tajiri. Anaifungua taratibu, anaanza kutembea. Anainua, anaachia, anainamisha kichwa. Ardhi ngumu inajibu *ti*. Palipo na uwazi chini panajibu *ndu*, kama mlango wa chumba kisicho na mtu. Akiisikia *ndu* anavua kofia, anailaza pale pale, anawaambia wenye nyumba, "Karibuni nyumbani." Kazi ya kunyonya ni ya mkwe wake, mume wa binti yake, mwenye gari lenye tangi na mpira mrefu. Babu hagusi mpira. Yeye ni wa nondo tu.

Na akishapata shimo, huja mlangoni kwangu kunywa chai, maana mume wangu humwazima jembe. Kwanza humwinamia binti yangu. "Shikamoo, bosi," humwambia, naye ana meno mawili. Nisipojibu "Marahaba" kwa niaba yake, Babu haketi.

Kwake nimejifunza historia ambayo haimo kwenye vitabu vya mji. Ile nyumba ya nguzo nyeupe, kwa mfano. Mwenyewe wa kwanza aliipoteza kwenye karata Jumapili moja. Jumapili iliyofuata akairudisha. Ya tatu ikaenda tena, kwa mtu mwingine. Kila aliyeishinda aliona haya kutumia shimo la aliyeshindwa, akachimba lake. "Pale kuna mashimo matatu, mjukuu wangu," alisema, "na yote yamejaa. Watu wale walikuwa na kiburi lakini walikula vizuri." Kwa hakimu, mfuniko uko chini ya meza ya kulia chakula. Kila mwaka hubeba meza nje, na hakimu husimama bustanini na viti vyake kama mtu aliyefukuzwa na mkewe.

Sasa yale mashimo manne.

Jumanne mume wangu alinituma nikalifuate jembe letu kwa daktari. Nilimkuta Babu ameshachimba shimo la pili, na daktari kasimama barazani na kikombe, uso umemshuka. Nikangoja getini, mtoto mgongoni. Babu akainua nondo, *ti*. Akasogea, *ti*. Akafika karibu na bomba la bustani, akaachia, na pale ardhi ikasema *ndu*, waziwazi, hata mtoto akainua kichwa. Babu akainamisha kichwa kidogo kama kawaida yake. Akapita. Alipita kama mtu anayepita mlango wa nyumba yake akaenda kubisha kwa jirani.

Nilitaka kumwita. Mke wa mtunza bustani ataanzaje kumfundisha Babu Nondo mbele ya daktari?

Akachimba la tatu, halafu la nne. Mwishowe mkwe wake alichoka kusubiri, akakitupa chini kichwa cha mpira, kikaangukia pale pale karibu na bomba: *ndu!* Daktari akageuka, mkwe akageuka, mfanyakazi wa daktari akatoa kichwa dirishani. Babu peke yake hakugeuka. Aliendelea kulifukua shimo lake la nne, mpole, mgongo kwetu.

Hilo ndilo lililozaa pete. "Hakugeuka hata!" Mama Pacha aliniambia, kama aliyekuwepo. "Choo cha watu kinapatikana, yeye hana habari. Ana lake analolitafuta."

Mimi nilikwenda nyumbani nikawaza. Niliikumbuka wiki ya mvua, kifuniko cha sufuria kilipoanguka sakafuni nyuma yake, mimi nikaruka, yeye akaendelea kupuliza chai. Nikakumbuka kwamba siku hizi haketi tena ukutani, anaketi mbele yangu hasa, ananitazama mdomo nikisema. Nilidhani ni heshima.

Ijumaa Mwenyekiti akamwita. Mwenyekiti ndiye mwenye nyumba tunayoishi, nyumba ya Bwana Mbuni mwenyewe, na ndiye kiongozi wa kamati ya historia ya mji. Kesho yake Jumamosi alitegemea wageni mia moja, wa kutembezwa na kuelezwa habari za mbuni, na vyoo vya chini vilikuwa vimeanza kunguruma tangu Alhamisi. Nilikuwa dirishani kwenye chumba cha pasi, wao wako chini kwenye nyasi.

"Mzee," Mwenyekiti alisema, akamsogelea, "nasikia kuna kitu unakitafuta mjini."

"Natafuta mashimo, mama."

"Bila shaka." Akamkonyeza jicho. Sijawahi kumwona Mwenyekiti akikonyeza, na nadhani hata yeye ilikuwa mara ya kwanza, maana macho yote mawili yalifumba. "Ukitafuta shimo, ukakuta kitu cha mviringo, kizito, ni mali ya kamati. Tumeelewana?"

"Cha mviringo na kizito ni mfuniko, mama. Uchukueni tu."

"Mzaha weka kando. Kesho saa tatu, kabla ya wageni, kamati nzima itasimama hapa ikutazame. Na shimo ni moja, mzee. Siyo manne. Hizi si nyasi za daktari." Akashusha sauti, nami nikaona Babu anakaza macho kwenye mdomo wake. "Kuna watu wa mashine. Wana kamera inayotambaa ndani ya bomba la choo mpaka shimoni. Nimeshawapigia. Ukikosa kesho, Jumatatu wanaanza, na nyumba za kamati zote zitawachukua wao. Sipendi, lakini choo ni choo."

Akaenda zake. Babu akabaki kwenye nyasi na nondo yake. Lile shimo alilipata yeye miaka tisa iliyopita, lakini tangu siku hiyo Mwenyekiti amehamisha njia, amekata mlimao uliokuwa alama, amejaza udongo na kuinua bustani nzima futi moja ili wageni waione vizuri. Babu aligonga mara moja. Akagonga tena. Akaweka kiganja juu ya nondo, akasubiri, kama anayepima homa. Halafu akaifunga kitambaa.

Alikuja mlangoni kwangu, akaketi kwenye kigoda. "Shikamoo, bosi."

"Marahaba," nikajibu, nikampa chai na kipande cha mkate. Nikamlaza mtoto kitandani, nyuma ya Babu, nikageukia jiko. Mtoto hakupenda. Alianza kwa kunung'unika, akapanda, akafika ile sauti yake inayotuletea barua zenye mbuni. Mume wangu aliyekuwa mwisho wa bustani alipiga kelele, "Mama, mtoto ana nini?" Babu alichovya mkate kwenye chai. Akautazama ukilainika. Akala.

Nilimchukua mtoto, nikaja kuketi mbele yake. Mtoto alikuwa bado anahema, machozi mashavuni. Babu alimwona, akashtuka. Akamtazama, akanitazama mimi.

"Alikuwa analia," alisema.

"Sana, Babu."

"Muda mrefu?"

"Tangu kabla hujachovya mkate."

Aliweka kikombe chini. Nilidhani atakasirika, lakini alijifuta masharubu kwanza, pande zote mbili, kama mtu anayejiandaa kupigwa picha.

"Umejua lini?"

"Nilianza wiki ya mvua. Nikahakikisha kwa daktari. Karibu na bomba, Babu, nondo iliitika. Mimi niko getini nimeisikia. Ukapita."

"Iliitikaje?"

"*Ndu.*"

Hakulisikia lile neno. Aliliona midomoni mwangu, na uso wake ukalainika kama mtu aliyepewa salamu za ndugu wa mbali. "Ukaisikia kutoka getini," alisema. "Getini! Mkwe wangu nimemfundisha miaka sita, hasikii tofauti hata akiwa amekanyaga mfuniko."

"Na nyumbani wamejua?"

"Nyumbani hawawezi kugundua. Marehemu mke wangu alikufa akilalamika kwamba nasikia shimo chini ya zege na simsikii yeye akiniita jikoni. Binti yangu amerithi malalamiko. Wamezoea." Akacheka, nami nikacheka, halafu yeye akaacha kwanza. "Wakijua, wataniweka kwenye kiti. Kiti kipo tayari, binti yangu alishakinunua, kina mto. Mkwe atauza gari. Nami nitakaa natazama ukuta, na ukuta hauna kitu nyuma yake, nimeshaugonga."

Mtoto alinyoosha mkono akashika kitambaa cha nondo. Babu alimwachia.

"Mkono wangu bado unasikia kidogo," alisema. "Ardhi ya zamani inapanda mpaka kiwikoni. Lakini udongo huu wa Mwenyekiti ni mpya, umelegea, unanidanganya. Kesho nikikosa mbele ya kamati nimekwisha. Na nikipata, nina nyumba zangu mpaka nitakapochoka mwenyewe. Kuchoka mwenyewe sikatai."

"Sasa utafanyaje, Babu?"

Alitazama mlango, kama Mama Pacha angekuwa nyuma yake, na kweli angeweza kuwa. Akasogeza kigoda hadi magoti yetu yakakaribiana.

"Kesho saa tatu utakuwa wapi?"

"Hapa. Napiga pasi vitambaa vya meza."

"Vimalize leo. Nikuombe jambo, mjukuu wangu, na ukikataa chai yako naendelea kuinywa bila kinyongo. Kesho njoo ukasimame pale kwenye nyasi, mbele yangu, ninapokuona. Usiseme kitu. Usikohoe, kukohoa hakutanifaa. Mbebe bosi kwenye bega la kushoto. Mimi nitakwenda polepole, nitagonga, nitainamisha kichwa kama kawaida, waone nasikiliza. Ukiisikia ile, mhamishie bega la kulia. Basi. Kamati nzima haitashangaa mama kumhamisha mtoto."

Nilimtazama binti yangu. Alikuwa anakitafuna kitambaa cha nondo kwa yale meno yake mawili.

"Babu, na akikataa kutulia?"

"Ndiyo sehemu ya pili ya ombi," alisema, akakiokota kikombe chake. "Mnyonyeshe kwanza, ashibe kabisa. Asije akajihamisha mwenyewe nikawachimbia ukumbi wa wageni."