Shemeji Yangu wa Bondeni

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wifi yangu husema nikifa wasihangaike na makaburini, wachimbe hapo hapo kati ya kochi na kabati la vyombo. Sibishi. Kutoka kwetu Mbalizi kwenda Mbeya mjini, kwangu mimi ni safari ya kuaga majirani. Kwa hiyo aliponiambia Jumamosi tunakwenda kutembea Usangu, kwenye hifadhi ndogo ya ndege kando ya ziwa, nilimuuliza hao ndege wameshindwa nini kuja uani kwangu, mbona kunguru wanakuja.

"Si kwa ajili yako, wifi," akasema. "Ni mama."

Mama ni mkwe wangu, mama mzazi wa mume wangu na wa huyo wifi. Anaishi nasi, na mwaka huu alianza kuitikia hodi ambazo mimi sizisikii. Saa tisa alasiri, jua likiwa limekaa tu kwenye mabati, anaacha kuchambua mchele, anasema, "Karibu," anakwenda mlangoni, anasimama, anarudi. Mara ya kwanza nilimtania: "Mama, mgeni gani huyo anakimbia kabla ya chai?"

Hakucheka. "Hayupo hapa. Anabisha hodi kule. Anadhani bado tupo."

Kule ni bondeni. Yeye na mumewe walitoka Usukumani na ng'ombe wao wakiwa bado vijana, wakajenga kwenye majani ya Usangu, na humo wakamzika mtoto wao wa kwanza, wa miaka minne, aliyechukuliwa na homa. Alilala ndani ya boma, karibu na zizi. Miaka mingi baadaye amri ikaja kwamba watu na mifugo watoke, maji yapumzike. Walitoka kwa haraka, ng'ombe mbele, vyombo nyuma. Na kwa desturi ya nyumba yao mtu hahami kimyakimya: mnasimama kwa waliolala, mnawaaga, mnawaelekeza mnakokwenda. Siku ile kila mmoja alidhani mwenzake ameshaaga. Hakuna aliyeaga.

Sasa macho ya mama yanafifia, na alitaka afike akiwa bado anaweza kuona njia. Ndivyo nilivyopata mtalii mwenzangu wa miaka sabini na kitu, na chupa ya maziwa mapajani.

Tulipita Rujewa asubuhi, mashine za kukoboa zikipiga kelele, kisha barabara ya vumbi, kisha kimya. Sikukipenda kile kimya. Mimi kimya changu kina friji. Ziwa lilikuwa dogo, limezungukwa na mafunjo, na ndege walisimama majini mguu mmoja mmoja kama watu waliosahau walichofuata jikoni. Palikuwa na banda la makuti, mabenchi, boti mbili na mwongozaji mmoja, Msangu wa makamo, aliyetusalimu "kamwene" kwa sauti ya chini kana kwamba ndani kuna mgonjwa.

"Leo ni nyinyi tu," alisema.

Wifi alianza kupiga picha. Mimi nilianza kutafuta kivuli. Mama alikuwa ameshaondoka, anatembea kwa haraka ambayo sijawahi kuiona pale nyumbani, moja kwa moja hadi kwenye wigo wa minyaa nyuma ya banda.

Wasukuma huzungushia boma minyaa. Nyumba ikianguka, wigo unabaki. Mama alivigusa vile vijiti vya kijani kama anavyogusa nywele za wajukuu, akapiga magoti, akamimina maziwa, akaanza kuzungumza Kisukuma. Kisukuma changu kinaishia kwenye salamu na chakula, lakini nilivua kandambili na kuinamisha kichwa. Nilisikia harufu fulani. Nikajiambia ndiyo harufu ya bwawa.

Mwongozaji alikuja taratibu, mikono nyuma. "Mama, samahani sana. Huu wigo tumeupanda sisi. Hapa ni choo."

Wifi alishusha simu. Mimi nilitafuta kandambili zangu kwa bidii kubwa. Mama alibaki magotini muda mrefu, hata nikaogopa, kisha mabega yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka.

"Mwanangu angenicheka," akasema. Akajifuta macho, akauliza, "Vijiti mlivikata wapi?"

Mwongozaji alinyoosha mkono ng'ambo ya maji. "Kule. Kuna boma lililokufa."

Nilisema nitabaki kulinda kapu la chapati. Ilikuwa kazi ninayoiweza. Wifi akasema, "Mwacheni, huyu hata bafuni anaingia na wasiwasi." Lakini mama alinishika mkono.

"Wewe ndiye lazima uje. Nataka akuone."

Basi nikavaa jaketi la kuelea lililonibana kama gunia la vitunguu, nikakaa katikati ya boti, nikashika kingo zote mbili. Mafunjo yalijifunga nyuma yetu. Kila mwongozaji alipochomeka pondo la kusukumia boti nilisikia kitu kikiachia pumzi chini.

Lile boma lilikuwa majini. Maji yalikuwa yamerudi na kulichukua, na minyaa ilikuwa imekufa imesimama, mifupa ya kijivu kwenye duara, na juu ya kila mfupa mnandi mmoja, ndege mweusi, mabawa wazi, akikausha. Walitugeukia wote kwa pamoja. Hakuruka hata mmoja.

Mama hakuuliza kama ni hapa. Alimimina maziwa yaliyobaki, funda moja tu, likaenea juu ya maji na kukaa. Kisha akaanza kuelekeza. Wifi alinitafsiria sikioni, ila mengine niliyasikia mwenyewe, kwa sababu katikati ya Kisukuma yalitokeza maneno ya kwetu: lami, Mbalizi, sokoni, fundi pancha.

"Anamwambia afuate lami hadi Mbalizi," wifi alinong'ona. "Apite soko. Kwa fundi pancha akunje kushoto. Geti la bluu, limekwaruzwa chini." Akanitazama. "Anasema, asiogope kukuta nyumba imefungwa. Kuna shemeji yake, huyu hapa mnene mwenye jaketi, yeye hatoki. Saa zote yupo."

Mama alinigusa bega, nikainua uso juu ya yale maji, nikiwa sijui mtu anatazamwaje na asiyeonekana. Nilitabasamu kama kwenye picha ya kitambulisho. Mwongozaji alisubiri. Tulipogeuza, boti ilikuwa nzito kidogo, au mimi nilikuwa nimeacha kupumua. Sijauliza.

Tangu siku ile mama haitikii hodi. Saa tisa analala usingizi mzuri, mdomo wazi, mchele umechambuliwa wote.

Mimi ndiye ninayesikia. Haiji kila siku. Ni hodi moja, ndogo, inatokea chini, usawa wa pale geti lilipokwaruzwa. Wiki iliyopita wifi alinialika arusi Iringa, siku mbili tu, tungesogea hadi Ilula kuchukua nyanya. Nilimwambia siwezi. Alicheka, akasema wewe na kochi lako.

Nilimwacha acheke. Mama alishaahidi kwa jina langu, mbele yangu, na mimi sikukataa. Ikipigwa, naacha ninachofanya, nakwenda kufungua geti. Nje kuna barabara tu, na vumbi. Nasema, "Karibu, shemeji," nasogea pembeni, nahesabu hatua za mtoto wa miaka minne hadi kwenye mlango wa nyumba, ndipo nafunga.