Vitabu vya Baba na Krismasi Tuliyobaki Sekei

Mwezi uliopita nilikwenda Sekei, pale Arusha, kumsimamia fundi aliyekuwa akipaka rangi nyumba ya wazazi wangu. Alipofika sebuleni akasimama na brashi mkononi, akaniuliza, "Bosi, hapa ukutani palikuwa na nini? Mbona pengine pote pamepauka, hapa hapajapauka?" Nikamwambia palikuwa na rafu ya vitabu. "Vitabu vya nini vyote hivyo?" Nikacheka, maana aliuliza kwa sauti ileile ya wageni wetu wote wa enzi hizo. Nikageuza ndoo tupu, nikakaa, nikaanza kumhadithia, na kazi ya rangi ikasimama kwa muda mrefu kuliko nilivyopanga.

Wewe uliyekulia na simu mkononi usinicheke. Kulikuwa na wakati ukitaka kujua nyangumi ana uzito gani unamuuliza baba, na baba akiwa hajui anakwambia nenda kasome. Ukasome wapi? Darasani kwetu kitabu kimoja tulikisoma wanne, na wa pembeni walisoma kwa kukunja shingo. Ndiyo maana siku muuzaji wa vitabu alipopiga hodi, tai shingoni na tope la masika limempanda mpaka magotini, Baba alimkaribisha chai kabla hajaeleza kilichomleta.

Alikuwa anauza ensaiklopidia. Neno lenyewe lilitushinda kulitamka, tukaviita vitabu vya Baba, na jina hilo halijabadilika mpaka leo. Vilikuwa vitabu vya kila kitu, kuanzia A hadi Z, vya Kiingereza, jalada rangi ya damu ya mzee na maandishi ya dhahabu mgongoni. Hukutakiwa kulipa kwa mkupuo. Ulilipa kidogo kidogo kila mwezi, na vitabu vikaja kwa mafungu kadiri ulivyolipa. Ukikwama, wanakuja kuvichukua. Baba alikuwa na duka la vipuri vya magari, na dukani kwake mtu akitaja habari ya kulipa kidogo kidogo alionyeshwa mlango. Lakini siku hiyo alisaini. Mama alitoka jikoni na mwiko wake wa mtori, ile supu yetu ya ndizi na nyama, akakuta chai imekwisha na mkataba umekwisha.

Alinuna siku kadhaa. Hata hivyo fungu la kwanza lilipofika, ni yeye aliyelifumia kitambaa cheupe cha kulifunika, kama alivyofunika redio, meza, viti na kila kitu kingine kilichokaa kimya nyumbani kwetu. Vitabu vile vilinukia. Mpaka sasa sijui niifananishe na nini harufu ile. Ilikuwa ya gundi na karatasi nzito zinazong'aa, na mimi niliivuta pua yangu ikiwa imegusa ukurasa. Sheria ilikuwa moja tu, mikono. Jioni baada ya chakula tulipanga foleni mbele ya Baba, akakagua kucha, na mwenye ukoko wa ugali alirudishwa kwenye beseni.

Kisha Baba alisoma. Alisoma Kiingereza polepole, sentensi baada ya sentensi, akatutafsiria kwa Kiswahili, na akifika mahali pagumu alikohoa akasema, "Hapo ni mambo ya kitaalamu," halafu akaruka. Mambo ya kitaalamu yalikuwa mengi sana. Lakini nilijua habari za almasi, za barafu, za dubu na za daraja linalofunguka katikati meli ipite, na shuleni mwalimu wetu wa jiografia alizoea kunigeukia akisema, "Haya, mwenye vitabu, tusaidie." Nilitembea Sekei nzima kifua mbele. Sikuwahi kukipenda kitu chochote cha nyumbani kwetu kama nilivyovipenda vitabu vile.

Ikaja Desemba. Sisi ni Wachaga, na unajua Desemba inavyotufanya. Arusha inabaki tupu, mabasi ya Moshi yanajaa mpaka kwenye ngazi, na kila Mchaga mwenye nauli anapanda mlimani kwao. Baba alikuwa mtoto wa mwisho wa kiume, ambaye kwetu ndiye anayeachiwa nyumba na kihamba cha wazazi, yaani shamba la migomba la ukoo, na ndiye anayemtazama mama yao. Kaka zake wakikosa, wanasemwa. Yeye akikosa, ni kama kafa. Mwaka huo malipo ya vitabu yalikutana na Krismasi, na Baba akatangaza kwamba tutabaki Sekei. Mama akaweka chini bakuli alilolishika. "Utamwambia nini mama yako?" Baba akajibu kwamba mama yake ni mwelewa.

Asubuhi ya Krismasi jirani yetu, mama wa Kimeru, alituona uani tukianika nguo. Alikuja mbio na bakuli la loshoro, mahindi yao ya kupikwa na maziwa mgando, sauti ameishusha. "Poleni jamani. Msiba umetokea lini?" Mama alimweleza kuwa hakuna msiba. Jirani akatutazama mmoja mmoja, akaacha loshoro, akaondoka bila kuamini. Tuliila mchana huo. Loshoro ilikuwa tamu, lakini siyo chakula cha Krismasi yetu.

Bibi hakuwa mwelewa. Januari Baba alimtumia sukari na majani ya chai kwa basi, kama alivyofanya miezi yote, na kesho yake kondakta akavirudisha vilevile, kamba haijafunguliwa. Hapo Mama alisema wazi, "Virudishe hivyo vitabu, yaishe." Niliposikia hivyo nilitoka nje nikalia nyuma ya choo. Nilimpenda Bibi, lakini nilitaka vitabu vibaki, na sikuona namna ya kupata vyote viwili.

Kwetu ukimkosea mtu kuna jani la sale, lile jembamba refu linalooteshwa mipakani mwa vihamba. Unalifunga fundo, unampelekea, na yeye akilipokea hawezi kukunyima msamaha. Mama alikuwa ameotesha sale karibu na uzio wetu. Baba alikata jani moja zuri, akalifunga fundo, akalizungushia gazeti, halafu akafanya jambo ambalo ukoo wetu unamcheka mpaka kesho: akampa kondakta wa basi alipeleke, pamoja na ile sukari.

Jani lilirudi jioni ileile. Kondakta aliogopa hata kumtazama Baba usoni. "Mzee, samahani, nimetumwa tu. Bibi anasema sale halikatiwi tiketi. Anasema kama miguu yako imeuzwa kununua vitabu, umwambie huyo mnunuzi airudishe."

Jumamosi iliyofuata tulipanda wote. Baba alikata jani jipya. Mimi nilipakata kitabu cha kwanza kwenye kile kitambaa cheupe, kwa sababu Baba alisema Bibi akikitazama na bado asikitake, vyote vinarudi kwa muuzaji.

Bibi alikuwa anafagia chini ya migomba. "Shikamoo Bibi," tukasema watoto. "Marahaba wajukuu zangu, njooni mle ndizi." Kwa Baba hakugeuka. Baba alimfuata kwa nyuma na jani lake, mtu mzima mwenye duka mjini, mpaka ufagio ulipochoka. Ndipo Bibi alipolipokea. Akalitazama fundo, akasema, "Umefunga vibaya," akaliingiza kwenye khanga yake. Mama alishusha pumzi tuliyoisikia sote.

"Haya, leteni huyo mke wenu mpya nimwone," Bibi akasema. Nikamfungulia. Alinawa mikono bila kuambiwa, akapindua kurasa taratibu, akasimama kwenye picha za ndege. Halafu akanyoosha kidole kuelekea juu, kwenye Kibo iliyokuwa imetoka mawinguni. "Na mlima huu umo?"

"Umo, Mama," Baba akajibu. "Ila kitabu chake bado hakijafika. Ni cha mbele, cha K."

Bibi akafikiri. "Basi lipa mpaka mlima ufike."

Nilitamani kumrukia. Nadhani nilimrukia.

Mlima ulifika mwezi wa Oktoba. Krismasi tulipanda nao, na Bibi akavaa miwani, akaitazama ile picha kwa muda mrefu. "Mbona mdogo hivi?" Kisha akakifunga kitabu cha K, akakiweka kabatini kwake, juu ya Biblia na kitabu cha nyimbo. Baba alipotaka kukichukua siku ya kuondoka, akaambiwa hiki kinakaa nyumbani. "Mkikitaka, mnajua njia."

Kwa hiyo nilikua sijui chochote kinachoanza na K. Kangaruu, Korea na wafalme wote, ambao kwa Kiingereza ni "kings", waliangukia kule, na mwalimu akiuliza nilijibu kwa kujiamini kabisa kwamba habari hiyo iko kwa Bibi. Pasaka tulipanda, Agosti tulipanda, Krismasi hatukukosa tena hata moja. Nilisoma K chini ya migomba, Bibi ameketi ubavuni kwangu akimenya ndizi, akiuliza, "Na hapo wanasema nini?" Na mimi, nikifika pagumu, nilimwambia ni mambo ya kitaalamu.

Bibi alipofariki, baada ya matanga Baba alikishusha kitabu kile Arusha, akakiweka mahali pake kwenye rafu, kati ya J na L. Seti ikakamilika. Sikumbuki kama tangu siku hiyo kuna mtu aliyeifungua.