Mashine ya Vifaranga Ilikuwa Mbovu, Mume Wangu Akaenda Kunywa Suluhu Bila Mimi

Admin, naomba ufiche jina langu na la mume wangu, maana Kasulu ni ndogo, tunajuana mpaka kuku wetu. Mimi ni mama wa miaka thelathini na nne, watoto watatu. Nimezaliwa Kagerankanda, nimeolewa na mwalimu, tunaishi hapa mjini. Kazi yangu ni kufuga kuku wa kienyeji na sijawahi kuona aibu kuisema. Huwa nasoma visa vya wenzangu humu nikiona yangu madogo. Leo naandika kabla sijafanya jambo nikajuta.

Miezi miwili iliyopita niliona mashine ya kutotoleshea vifaranga kwenye kundi la Facebook la vitu vilivyotumika. Ya umeme, inaingia mayai mia moja. Muuzaji ni mtumishi wa serikali, yuko Kibondo. Nikamuuliza inbox kama ni nzima. Akajibu, "Dada, nzima kabisa, nauza kwa sababu nahama tu." Akaipakia kwenye basi, nikaipokea stendi, nikaiwasha, taa zikawaka, nikafurahi kama mjinga.

Mayai yangu hayakutosha kuijaza. Nikawaambia akina mama watano ninaosali nao walete ya kwao, vifaranga tutagawana. Mmoja wao ni bibi mjane aliyekuja kutoka Burundi zamani, ana kuku wawili tu. Alimtoa kuku aliyekuwa ameshaanza kulalia, akaniletea mayai kumi na moja kwenye kikapu, ameyafunika kwa majani makavu. Akaniambia kwa Kirundi chake cha kuniita mwanangu, "Mwana wanje, hiyo mashine mimi siijui. Nimekuamini wewe."

Siku ishirini na moja nimeyageuza mayai yale asubuhi, mchana na jioni. Umeme ukikatika nafunika mashine kwa blanketi la mtoto. Mshale wa kipimajoto ulikuwa penye thelathini na saba siku zote, nikajisifu kwamba nimeiweza. Siku ya ishirini na mbili hakuna yai lililodonolewa. Ya ishirini na nne nikapasua moja. Lilikuwa limeiva. Nikapasua yote mpaka la mwisho, nalia, na watoto wananiangalia.

Nikamwita fundi redio aifungue, mume wangu akiwepo. Fundi akatuita tusogee. "Mama, kile kifaa cha kuzima taa joto likizidi hakifanyi kazi. Mtu ameunganisha nyaya moja kwa moja, taa zinawaka tu bila kuzima. Na huu mshale umekwama." Zile nyaya zilikuwa zimefungwa kwa plasta, hii ya kufungia kidonda, tena imekauka na kugeuka rangi. Nikazipiga picha nikamtumia muuzaji. Akajibu, "Itakuwa barabara imeitikisa." Nikamwandikia kwamba barabara ya Kibondo tunaijua ni mbaya, lakini haijawahi kumfunga mtu plasta. Akanibloku.

Jamani, sikudai hata anirudishie kitu. Nilitaka jambo moja: aje aseme mbele ya wale akina mama kwamba aliniuzia ikiwa mbovu. Maana maneno yalishaanza, eti mayai niliyauza na mashine ni kisingizio. Yule bibi yeye aliacha tu kukaa benchi moja na mimi kanisani.

Sasa sikieni. Kaka wa huyo muuzaji ndiye mkuu wa shule anakofundisha mume wangu. Wiki iliyopita mume wangu akaitwa nyumbani kwa mkuu wake. Akamkuta muuzaji na wazee wawili. Mimi niko nyumbani nafua, sina habari. Wakaongea, ikaletwa pombe ya ndizi, wakanywa wote chombo kimoja. Wenzangu wa huku mnajua maana yake. Mkishanywa hivyo mbele ya wazee, jambo limekwisha, na atakayelifufua ndiye mkosaji.

Akarudi amechangamka. "Mama Neema, lile jambo tumelimaliza."

"Mmelimalizaje bila mimi?"

"Tumekubaliana mashine ilikuwa nzima, ila wewe hukujua kuitumia. Jumapili baada ya ibada yule muuzaji atakuja, utakaa naye mbele ya wale akina mama, utasema hivyo, yaishe."

Nilidhani ni pombe. Nikamkumbusha nyaya alizoziona kwa macho yake, na maneno ya fundi aliyoyasikia kwa masikio yake. Akasema, "Mke wangu, yule mkuu ndiye wa kunipitishia barua ya kwenda kusoma. Mayai ni mayai, kuku watataga mengine." Nikamuuliza swali moja tu, kama yeye mwenyewe anaamini nilikosea.

Akawa anavua viatu, hakuniangalia. Akasema, "Najua hukukosea. Ndiyo maana nakuomba."

Hilo ndilo limeniua. Angekuwa anaamini nimekosea ningesema hajui mambo ya kuku, ningemsamehe siku hiyo hiyo. Lakini anajua, na bado amenitoa mimi ili yeye asonge mbele. Nimeishi naye miaka kumi na mbili na sijawahi kumchukia mpaka usiku ule.

Nikimleta fundi na zile nyaya Jumapili, nimemwaibisha mume wangu mbele ya wazee aliokunywa nao, na barua yake itaishia mezani kwa mkuu. Ada za watoto wangu zinatoka kwenye kazi hiyo hiyo. Nikisema nilikosea mimi, yule bibi atakufa akijua nilimpotezea mayai yake kwa uzembe, na ni mimi mwenyewe nitakuwa nimemwambia.

Leo Ijumaa. Mume wangu ameshaninyooshea na kitenge cha kuvaa siku hiyo. Mlio kwenye ndoa na mliowahi kusemewa na waume zenu, nishaurini: nikisimama mbele ya yule bibi nifungue mdomo, niseme lipi?