Mashuka kwenye Mnyororo wa Njia ya Wafu

Arlette Bourdarias alikuwa na miaka sabini na mitatu alipoanika mashuka yake kwenye mnyororo wa Bwana Delattre, na wala si kwamba kwake hakukuwa na kamba. Kamba alikuwa nayo, ndefu, nyuma ya nyumba, mahali penye jua. Aliyabeba mashuka mabichi kwenye beseni, akapita mbele ya kanisa watu wakimwona, akateremka hadi pale Njia ya Wafu inapoanzia, akayatandaza juu ya ule mnyororo mpya moja baada ya jingine. Kile kibao kilichoandikwa "Mali binafsi" akakivika foronya.

"Utafungwa, we mwanamke!" alimpigia kelele Fernand Pouget, jirani yake, mwindaji mstaafu aliyekuwa akipita na mbwa wake wa miguu mitatu.

"Wanifunge na mashuka yangu. Angalau nitalala pasafi."

Huyo ndiye Arlette, na hapa Chantegrolle hakuna asiyemjua. Alizaliwa Le Mazeau, kitongoji kilicho ng'ambo ya bonde, ambako zamani hakukuwa na barabara ya gari. Mtu akifa huko, jeneza lilibebwa mabegani, likapita maporomoko ya Gour Noir, likapita kinu cha maji, likapanda katikati ya mialoni hadi kanisani. Ndiyo maana njia ikaitwa hivyo. Februari ya mwaka wa hamsini na sita, katika theluji ambayo wazee bado wanaisimulia, Arlette mwenye miaka sita alitembea nyuma ya jeneza la bibi yake ameshika pindo la koti la baba. Alilia njia nzima. Hakumlilia bibi tu, alililia na pua yake na vidole vyake vilivyoganda kwa baridi.

Alipokua akawa tarishi wa posta. Miaka thelathini na minne alipita njia hiyohiyo na mkoba begani, akipeleka barua za mapenzi, barua za jeshi na malipo ya uzeeni. Wanaume wawili walitaka kumwoa. Wa kwanza alimtaka aache kazi. Wa pili hakumtaka aache chochote, hakuwa na neno juu ya jambo lolote duniani, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Akabaki na njia yake.

Alipostaafu alijitwisha kazi isiyo na mshahara, ya kuchora alama za watembeaji. Kila majira ya kuchipua alitoka na kopo la rangi ya manjano na brashi, akachora kwenye miti na mawe mstari mmoja wenye urefu wa kiganja, ulionyooka kama umepigwa rula. Kiangazi kikifika, wageni wakaja na vikapu vya chakula, na nyavu za kuvulia, na watoto wa kuogeshwa Gour Noir, wakaifuata mistari ile bila kujua ni ya nani. Walioacha maganda ya machungwa njiani ndio waliomjua, kwa sababu aliwafuata nayo.

Kisha Delattre akanunua kile kinu. Alikigeuza nyumba ya wageni yenye bwawa la maji moto, na hakupenda kuona watu na mbwa wakipita chini ya madirisha wakati wageni wake wamejinyoosha ndani ya mataulo. Akaiomba halmashauri imuuzie kipande cha njia. Sheria ya huku haina utata: njia ya kijiji haiuzwi ila ikiwa imekufa, na njia hufa watu wakiacha kuipita. Basi ikatungwa hadithi kwamba Njia ya Wafu imekufa. Mnyororo ukafungwa "kwa muda, kwa ajili ya usalama".

Meya, Thierry Chassaing, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mchovu. Shule ilikuwa imefungwa mikononi mwake, duka pia, na Delattre alikuwa ameajiri watu wanne wa hapa na kuahidi wengine.

"Mama Arlette, nielewe," alimwambia. "Kijiji kinakufa."

"Kinakufa, ndiyo maana unauza njia ya kuzikia? Mimi nilikuletea kadi zako za siku ya kuzaliwa, Thierry, kwenye mvua. Nilizipitisha wapi?"

"Nakuomba uache kwenda kule. Utaanguka."

Hakuacha. Tangu siku ile ya mashuka aliruka mnyororo kila asubuhi, akateremka hadi maporomoko, akarudi. Alijua kwamba siku akikosa kupita, majani yatasimama, na majani yakisimama, Thierry ana hoja. Mwezi wa Aprili, akiwa na kopo mkononi, alikanyaga jiwe lenye utelezi kando ya kijito. Nyonga ikavunjika. Alilala pale saa nzima akimtukana Delattre, kinu chake na mataulo yake, mpaka mbwa wa Fernand alipomsikia.

Alipasuliwa, akapelekwa kituo cha mazoezi mjini, wiki sita. Akiwa huko alisoma gazetini kwamba halmashauri imefungua uchunguzi wa umma. Daftari lingekaa ofisini kwa meya siku kumi na tano, kila mwenye neno aandike, kisha mkaguzi aamue. Arlette alitaka kuondoka siku ileile. Wauguzi wakamfichia viatu.

Alirudi Chantegrolle kwa magongo mawili, siku moja kabla ya mkaguzi kufika. Hakupita hata nyumbani. Alikwenda moja kwa moja ofisini akafungua daftari. Lilikuwa na maoni ya watu watatu tu: ya mchoraji ramani wa Delattre, ya binamu yake meya aliyeapa kwamba hajaona mtu akipita kule miaka kumi, na ya mtu aliyelalamikia kengele ya kanisa. Katika roho mia moja na kumi na mbili za kijiji hiki, hakuna hata moja iliyoandika kuitetea njia.

Hapo ndipo moyo wake ulipoingia ubaridi. Delattre alikuwa mgeni, na Arlette alimtarajia hivyo hivyo. Hawa walikuwa watu wake.

Asubuhi yake gari la mkate lilisimama uwanjani kama kawaida, na foleni ikajipanga. Arlette alikuja kwa magongo, akasimama mbele yao wote.

"Nimelisoma daftari," akasema. "Nimewapelekea barua miaka thelathini na minne, nikadhani mnajua kuandika!"

Watu wakatazama viatu vyao. Mmoja binti yake alitandika vitanda kwa Delattre, mwingine mwanawe alikata majani kule. Ni Fernand pekee aliyefungua mdomo.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," akasema, na mmoja wawili wakacheka. "Nenda kalale, Arlette."

"Guu limevunjika, kichwa kizima. Wewe miguu unayo miwili mizima, na mbwa wako wa mitatu anakushinda ushujaa!"

Fernand akachukua mkate wake akaenda zake.

Mkaguzi aliitwa Garrigou, mpima ardhi mstaafu, na alikuja amevaa mabuti ya mpira. Thierry alimkaribisha kahawa, akamwonyesha picha za miiba alizopewa na Delattre.

"Hakuna haja ya kushuka," alisema. "Magugu yamefika kifuani. Mwenyewe sijaenda tangu baridi ilipoisha."

"Mimi nakwenda," alisema Arlette kutoka mlangoni. "Bwana mkaguzi, njia haikaguliwi kwa picha. Nifuate au nitangulie peke yangu."

"Mama Arlette, daktari wako..."

"Daktari wangu hayupo hapa."

Akatangulia, na mkaguzi na meya wakamfuata. Alikuwa amejiandaa kwa magugu, kwa kuwa wiki sita za Aprili na Mei huotesha msitu huku kwetu. Alikuwa ameazimia kuyalaza kwa magongo, hatua kwa hatua, na akianguka aanguke mbele ya serikali. Nyonga ilimwuma mpaka machozi yakamtoka, akayafuta kwa bega.

Walipofika kwenye mnyororo, Garrigou aliinama akautazama. Katikati palikuwa pamesuguliwa pakang'aa, kama kiti cha baa kilichokaliwa sana, na chini yake udongo ulikuwa mtupu.

Arlette alisimama. Ng'ambo ya mnyororo hapakuwa na magugu. Njia ilikuwa wazi, imekanyagwa, ngumu, pana kuliko alivyoiacha. Kulikuwa na nyayo za mabuti makubwa na viatu vidogo, alama za baiskeli, kwato za farasi. Upupu ulikuwa umefyekwa pande zote mbili. Kwenye kijito, pale alipoangukia, mtu alikuwa ameweka ubao mpya na kuupigilia nondo. Na kwenye miti kulikuwa na alama, lakini hazikuwa zake. Mistari ilipinda, mingine minene, mingine inachuruzika, na rangi ilikuwa manjano ya haradali, ileile ya madirisha ya Fernand. Kwenye tope, kando ya ubao, kulikuwa na nyayo za mbwa, tatu tatu, hadi maporomoko.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Walioogopa kushika kalamu walikuwa wameandika kwa miguu, asubuhi na jioni, wiki sita, bila kuambizana hadharani wala kumwambia yeye. Arlette aliegemea mwaloni akalia kwa sauti, na hakumwonea haya mtu.

Thierry aliinama kwenye tope. Kati ya zile nyayo ndogo lazima zilikuwamo hata za mama yake mwenyewe, ambaye naye ni wa kijiji hiki.

"Bwana meya," alisema Garrigou akiandika, "maiti hii inatembea sana."

Mnyororo uliondolewa kabla ya kiangazi. Lakini jioni ya siku ile ya ukaguzi, Arlette alisimama kwenye uzio wa jirani yake. Fernand alikuwa akimchana mbwa.

"Kuna mtu ameniharibia miti," akasema Arlette. "Mistari imepinda kama miguu ya mlevi."

"Mimi sijui lolote."

"Najua hujui. Basi mwambie huyo usiyemjua kwamba alama huchorwa kutoka kushoto, na brashi haichovywi mpaka shingoni. Na mwambie kesho saa mbili asubuhi aje na ngazi. Mimi nitashika kopo, yeye atapanda."

"Nikimwona nitamwambia," alisema Fernand bila kuinua macho.

Saa mbili kasoro dakika tano, ngazi ilikuwa imeegemea lango la Arlette, na mbwa wa miguu mitatu alikuwa amekwishatangulia njiani.