Shimo Lililochimbwa kwa Ajili ya Kosmas

Iko siku moja ambayo hainitoki, mwanangu, ingawa nyingi nilizoziishi kabla na baada yake zimekwisha kunipotea. Ilikuwa asubuhi ya kipupwe. Ukungu ulikuwa umeshuka toka kileleni mpaka milangoni, nami nilikuwa nafagia baraza niliposikia wanaume wakipanda njia ya mtoni bila kuzungumza. Mbele alikuwa Mzee Mkude, mjomba wa mume wangu. Nyuma yake vijana wa ukoo walibeba shina la mgomba lililokatwa kwa kimo cha mtu, limeviringishwa sanda ya merikani na kufungwa kamba kichwani, kiunoni na miguuni, kama anavyofungwa maiti. Walilitua barazani taratibu. Nikajua wamekuja kumzika Kosmas, mume wangu.

Kabla sijaendelea, nikuambie kwa nini nakusimulia haya leo. Tangu ulipomzika mwanao nimekuwa nikija kwako jioni na mkeka wangu, nakaa, kisha naondoka. Juzi uvumilivu ulikuishia, ukaniambia, “Mama mkubwa, wewe ndiye mtu wa kanisa katika ukoo huu. Mbona huna hata neno moja la kunipa?” Sikukujibu, wala haikuwa dharau. Jibu langu ni refu, nalo linaanzia kwenye baraza lile.

Zilikuwa enzi za Mdachi, mwaka ambao vita vya Wazungu vilitufikia milimani. Wadachi walikuwa wakirudi nyuma, na chakula chao na risasi zao vilipaswa kutolewa relini Morogoro, kuvushwa milima hii, na kufikishwa Kisaki. Wanyama wa mizigo walikuwa wakifa kwa mbung’o, hivyo vilitakiwa vichwa vya watu. Jumbe alikuja Jumapili pamoja na askari. Wakasimama nje ya kanisa, wakangoja misa iishe, maana walijua kwamba hapo wanaume wa misheni watapatikana wote kwa pamoja. Padre alitoka akazungumza nao pembeni, kisha akarudi ndani bila kututazama.

Kosmas alikuwa katikati ya kazi ya kuezeka. Upande mmoja wa nyumba ulikuwa na nyasi mpya. Upande wa pili, alikolala mama yake, nyasi za zamani zilikuwa zimeondolewa na mpya hazijatosha. Alipopitishwa mbele ya nyumba akiwa na kamba kiunoni, hakunitazama mimi. Alitazama paa.

“Upande ule niachieni,” alisema. “Nikirudi nitaumalizia mwenyewe.”

“Tembea, fundi,” askari alimwambia akicheka. “Paa halikimbii.”

Masika yalipokwisha alirudi jirani yetu Petro, peke yake, miguu imevimba na nywele zimemnyonyoka. Alikaa jikoni kwetu, akanywa uji, akatueleza yaliyokuwapo. Kosmas alishikwa na kuhara damu. Alikaa kando ya njia, upande huu wa Kisaki, akaweka mzigo chini. Petro alitaka kumwinua, akapigwa kitako cha bunduki mgongoni. “Akaniambia, ‘Tangulia, nakuja,’” alisema Petro. “Nikatangulia. Nilipogeuka, njia ilikuwa imekata kona.”

Tulikuwa wanawake wawili jikoni, na kila mmoja alisikia habari yake. Mama mkwe wangu alisikia kwamba mwanawe amekufa. Mimi nilisikia kwamba anakuja.

Sasa ujue desturi ya ukoo ule, maana siku hizi imesahaulika. Mtu aliyepotea bila maiti yake kuonekana alizikwa kwa shina la mgomba, ili waliobaki wapate ruhusa ya kulia, kunyoa nywele na kuanua tanga. Kabla ya maziko haikuruhusiwa kulia, kwa kuwa kumlilia mtu ambaye huenda yu hai ni kumsukuma shimoni. Lakini aliyekwisha kuzikwa kwa mgomba hakuwa tena na mlango. Hata angetokea siku moja kwa miguu yake mwenyewe, watu wangemkimbia kama mzimu, na mama yake asingethubutu kumpa maji.

Unaona, basi, jinsi tulivyokuwa tumefungwa. Nikikubali shina lizikwe, nimemfungia mume wangu mlango. Nikikataa, nimemfunga mama yake kinywa.

Nilikataa, tena nilikataa kwa dini. Nilikuwa binti wa misheni, nimebatizwa Agata, nimefundishwa kusoma na kushona. Nilisali novena, sala ya siku tisa, ikiisha naanza nyingine. Nilisali kwa sauti, kanisani na shambani. Nilisimama kisimani nikawatangazia wanawake kwamba Kosmas atakula Noeli nyumbani. Mwalimu wa dini alinitaja mbele ya watu kuwa mfano wa imani, nami sitakuficha kwamba nilipenda kutajwa. Vijana wa mtaa walipojitolea kutuezekea ule upande uliobaki, niliwafukuza. Nilisema mwenyewe ameagiza aachiwe.

Mama mkwe wangu hakuwa Mkristo. Alimwita Mungu Mulungu, na hakumwita mara nyingi. Tangu siku ya Petro alikaa chumbani kwake juu ya kitanda cha kamba, akila kijiko kimoja na kurudisha bakuli. Ukungu uliingia kwa pale juu palipokuwa wazi, ukamlowesha shuka. Nikimsalimia “Shikamoo, mama,” aliitikia “Marahaba,” na kati ya salamu ya asubuhi na ile ya jioni hatukuwa na kitu.

Ndipo Mzee Mkude alipokuja na lile shina.

“Dada yangu anakufa,” aliniambia, bila ukali. “Nimemwangalia. Amejaa maji yasiyo na pa kutokea. Tuache tumzike mtoto wetu, naye apate kulia.”

“Mtoto wenu hajafa.”

“Wewe umemwona wapi?”

“Namwona kwa imani.”

Mzee aliinamisha kichwa, akawaonyesha vijana mahali pa kuchimba, kando ya nyumba, kwenye ardhi ya ukoo wao. Nilisubiri mpaka majembe yalipoanza kulia. Kisha nikaliinua lile shina upande mmoja, nikalisukuma kutoka barazani mpaka ukingoni mwa mteremko, nikaliacha liende. Liliviringika katikati ya maharage, sanda ikifunguka, likaangukia mtoni. Vijana waliacha kuchimba. Nilipiga ishara ya msalaba nikasimama pale nikihema, na moyoni nilijiona kama mmoja wa wale mashahidi waliochorwa ukutani kanisani.

Mzee Mkude hakunigusa. Alituma mtu kwenda kumwita Bibi Apolonia.

Bibi huyo alikuwa mkongwe kupita wote pale misheni. Alichukuliwa utumwani akiwa mtoto, mbali huko bara, akakombolewa na mapadre pwani, akaja milimani pamoja na Wakristo wa kwanza. Mkono wake mmoja haukunyooka. Alifika akiegemea fimbo, akaketi barazani, akalitazama lile shimo lililochimbwa nusu.

“Tumsifu Yesu Kristo,” alisema.

“Milele, amina.”

“Wanasema umemzuia Mungu asikosee.”

“Nimemtetea mume wangu, bibi.”

“Vizuri. Na huyo mumeo atafika lini?”

“Kabla ya Noeli.”

“Mungu umeshamwambia? Au atasikia kisimani kama sisi wengine?”

Kijana mmoja alicheka, akajificha nyuma ya jembe lake. Mimi nililia kwa hasira. Nikamwambia kwamba Bwana ameahidi kuwa tukiomba tutapewa, kwamba yeye ndiye aliyenifundisha hayo nikiwa mdogo, na sasa ananicheka. Alinisubiri mpaka nikaishiwa.

“Mimi mama yangu nilimwacha kisimani,” alisema. “Alikuwa ameinama, anachota. Nilikuwa nyuma yake, kisha sikuwapo. Sijui kama aligeuka. Sijui kama alikufa mwaka ule au kama alizeeka. Nimemwombea awe hai mpaka miaka ya mtu kuishi ikapita, nikaanza kumwombea apumzike, na hata leo sijui ni ombi lipi lilikuwa la kweli. Padre aliniambia maneno mengi mazuri. Lakini nililala usingizi kwa mara ya kwanza siku sista mmoja asiyejua Kiswahili alipokuja akakaa kitandani kwangu mpaka kukacha.”

Alinyoosha fimbo yake kuelekea paa.

“Yule mama analala chini ya lile tundu?”

Nilikubali kwa kichwa.

“Agata, sikuambii uache kutumaini. Tumaini mpaka uzeeke. Lakini hizi sala zako zina kelele nyingi sana, na nyuma ya ukuta kuna mtu huwezi kumsikia. Nipe mkono, niingize ndani.”

Tuliingia. Chumba kilikuwa na unyevu na harufu ya nyasi zilizooza. Bibi Apolonia alijishusha kwenye mkeka, akaniashiria nikae. Nilidhani ataanza rozari; nikatoa yangu. Aliufunika mkono wangu kwa kile kiganja chake kisichonyooka. Hakusali kwa sauti, hakutoa mafundisho, hakusema habari za mbinguni. Tulikaa. Mwanzoni nilisikia vibaya, kama mtu aliyesimamishwa mbele ya wageni bila la kusema. Maombi yangu yalinijia mdomoni, na nilipoyazuia nilihisi woga ulioyabeba, woga mtupu kabisa: kwamba Kosmas amekufa kando ya ile njia, na kwamba nilijua tangu Petro alipokuwa bado anakunywa uji.

Kengele ya mchana, ya sala ya Malaika wa Bwana, ililia kule misheni. Mama mkwe wangu aliinua uso, akatutazama mmoja baada ya mwingine, kana kwamba ndiyo kwanza atuone.

“Hamsemi kitu?” aliuliza.

“Hatuna,” alijibu Bibi Apolonia.

Ndipo alipolia. Alilia bila maziko wala ruhusa ya ukoo, kwa sauti ambayo sijaisikia tena kwa mtu. Nilipanda kitandani nikamshika, na shuka lilikuwa limelowa maji ya ukungu kama alivyojua kila mtu isipokuwa mimi. Nami nikalia pamoja naye. Mzee Mkude alikuja mpaka mlangoni kukataza, maana desturi ilikuwa inavunjwa. Kisha alivua kofia yake, akaketi kizingitini, akatugeuzia mgongo.

Tulipotoka nje, jua lilikuwa limeanza kupenya. Shimo lilibaki wazi, na shimo kama lile haliachwi wazi usiku. Mzee aliuliza lifukiwe na nini, ikiwa shina limekwenda na maji. Mama mkwe wangu, aliyekuwa hajasema neno na kaka yake kwa muda mrefu, alisema litiwe chipukizi la mgomba, lenye mizizi yake.

“Dada, hilo halitakuwa kaburi wala shamba,” alisema Mzee Mkude.

“Na mimi si mfiwa wala si mzazi,” alijibu. “Panda.”

Wakapanda. Siku ile ile vijana wakamaliza kuezeka.

Ungependa, mwanangu, nikuambie kwamba Kosmas alirudi. Hakurudi. Kabla mgomba haujashika vizuri, majeshi yalipita yakikimbizana, yakala kila kilicholika, na bendera ya Mdachi ikashushwa bomani. Waliokuja baada yake nao walitaka wapagazi. Mgomba ulikatwa na askari, ukachipua ubavuni. Mama mkwe wangu aliishi akaona ndizi zake, wala hakuzila. Hakubatizwa. Kengele ilipolia alikuja kukaa karibu nami, tukanyamaza pamoja, na siku alipokufa tulikuwa hivyo hivyo. Alipo sasa sijui. Nimemwacha mikononi mwa Mungu, kama nilivyomwacha Kosmas. Mimi sikuolewa tena. Padre alitaka shahidi wa kifo, na shahidi sikuwa naye. Bado zipo asubuhi ambazo, miguu ikisikika njia ya mtoni, mkono wangu unaacha ufagio.

Basi hili ndilo nililotaka kukuambia. Usiruhusu mtu akupe sababu ya kifo cha mwanao, hata akiitoa katika Maandiko. Sababu hiyo ameitafuta kwa ajili ya utulivu wake mwenyewe. Usijilazimishe kusali kwa nguvu ili usisikie unachokijua. Mungu unaweza kumlalamikia, unaweza pia kukaa mbele yake bila neno, naye hahesabu kimya hicho kuwa ukosefu wa imani. Mwanawe alilala kaburini Jumamosi nzima na mbingu hazikusema kitu. Na siku utakapopata nguvu, mwangalie mumeo. Yeye pia amepoteza mtoto, na nimeona analala upande wa nyumba unaovuja.

Mungu aliyemsikia mama yule kabla hajatoa sauti akusikie nawe. Akufunike usiku, akurudishie usingizi kidogo kidogo, na asikuharakishe.

Kesho nitakuja tena na mkeka wangu. Usinipikie.