Radi ya Moba

Biro yetu ya kazi iko Kalemie, lakini serveri ninayoitunza kwa mbali iko Moba. Wenzangu niliwafundisha, tena kwa kujigamba: mukifunga milango ya mtandao ya serveri kwa kuogopa wezi, muache wazi ule munaopitia wenyewe. Juzi mimi njo nilifunga yote, hata ule ninaopitia mimi. Serveri ikanyamaza. Nikamwambia mkubwa wetu, Mama Odile, kwamba labda radi imeipiga. Akamtuma fundi wetu Papa Kibwe kwa boti, na vyombo vipya vya kuitengeneza.

Leo Papa Kibwe alipiga simu toka Moba. Mama akaweka sauti kubwa, biro nzima ikasikia.

“Mama, mashine iko muzima. Imeandika amri ya mwisho: funga yote. Na jina la mwenye aliitoa.”

Mama akanigeukia.

“Kumbe radi ya Moba inakaa hapa.”